Mlio wa Gari Kuukuu

Sisi watu wa Mbau twayajua magari kwa masikio kabla ya kuyaona kwa macho. Barabara kuu namba 4, itokayo Beni kwenda Oicha na Eringeti na kuendelea hata Komanda, yapita katikati yetu. Basi mtoto anayechunga mbuzi kando ya njia atakuambia, "Lile ni Fuso la kakao, linarudi tupu," na lori lenyewe bado halijatokea kwenye kona. Ajuaje kwamba ni tupu? Kwa sababu lori tupu hurukaruka na mbao zake hupigana, bali lori lililojaa hulalamika kwa chini, polepole, kama mzee apandaye mlima na mzigo wa kuni.

Mimi ninayo Hilux ya mazutu ya mwaka 1994. Usukani wake uko upande wa kuume, na ilikwisha kuwa na wenyewe watatu kabla haijafika mkononi mwangu. Watoto wa jirani huiita Kikohozi. Sikuwagombeza, maana jina limeifaa.

Karibu magari yote ya kwetu ni ya namna hiyo. Ujana wao huutumia katika nchi nyingine, kisha huvuka bahari hata Mombasa, hupita Kenya na Uganda, huingia Kongo pale Kasindi, na kufika Beni au Butembo yakiwa yamekwisha kwenda kilometa laki mbili au tatu. Gari kama hilo halikai kimya. Anayetaka gari la kimya na awe na fedha nyingi. Sisi wengine yatupasa kujifunza kupambanua sauti ya uzee na sauti ya ugonjwa.

Mtu wa mji mkubwa aweza kucheka akisoma haya. Kwake gari likizimika njiani hufunga mlango, hupanda taksi, na kesho yake humwita fundi. Kwetu mambo ni mengine. Tangu Oktoba 2014 watu wengi mno wa Beni na vijiji vyake wameuawa, na ni vigumu kupata nyumba ya hapa isiyokuwa na jina la kutaja. Dereva wa njia hii huangalia saa kuliko aangaliavyo mafuta. Saa kumi awe amekwisha kugeuza, saa kumi na moja awe nyumbani. Sauti ndogo aliyoipuuza asubuhi ndiyo itakayomlaza msituni usiku, yeye na abiria wake na magunia ya watu.

Kwa hiyo la kwanza ninalomwambia kijana anayeanza kuendesha gari kuukuu ni hili: zima redio. Nimewaona wengi, gari likianza kulia, wao huongeza muziki. Ati abiria wasiogope. Hiyo ni sawa na mama anayeimba kwa nguvu ili asimsikie mtoto wake akikohoa.

Mwenye gari akienda kwa fundi na kusema, "Gari langu linalia," bado hajasema kitu. Ni kama mgonjwa aingiaye zahanati na kusema, "Naumwa," kisha akanyamaza. Muuguzi atamwuliza: Tangu lini? Usiku au mchana? Kabla ya kula au baada ya kula? Vivyo hivyo na gari. Je, lalia asubuhi likiwa baridi, au baada ya mwendo wa saa nzima? Lalia likiwa limesimama? Lalia ukikanyaga breki, au ukiachia? Likibeba magunia kumi sauti huongezeka au hupungua? Mimi huandika mambo hayo katika daftari la shule la mwanangu, kwenye kurasa za nyuma, na mafundi wengine wamenicheka. Lakini majibu hayo ni nusu ya matibabu, tena ile nusu isiyolipiwa.

Jambo kubwa la kujua ni kama sauti inafuata moteri au inafuata magurudumu. Likitambulika hilo, nusu ya gari imekwisha kuondolewa katika mashaka. Njia yake ni rahisi. Simamisha gari mahali pa sawa, ukanyage mafuta kidogo. Sauti ikipanda pamoja na moteri hali magurudumu yamesimama, basi itafute mbele, chini ya boneti. Isiposikika kabisa, nenda barabarani, uendeshe kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa katika gia ya tatu, kisha kwa mwendo ule ule katika gia ya nne. Moteri sasa inazunguka polepole zaidi, lakini magurudumu yanazunguka vile vile. Kama sauti haikubadilika, ni ya magurudumu au ya vitu vinavyozunguka pamoja nayo. Wako wanaofanya jaribio hili kwa kuzima moteri kabisa kwenye mteremko. Hao siwafuati. Moteri ikizimwa, breki hupoteza msaada wake na usukani huwa mzito, na bonde la kwetu halina huruma.

Hapa niseme neno juu ya moteri ya mazutu, kwa sababu wengi huiogopa bure. Mjerumani Rudolf Diesel, ndiye aliyeitengeneza hata ikafanya kazi vema mwaka 1897. Moteri yake haiwashwi kwa cheche kama ile ya petroli. Hewa hubanwa ndani hata ikawa na moto mkali, kisha mazutu hurushiwa humo na kuwaka papo hapo. Ule mwako wa ghafula ndio ule mlio wa ko-ko-ko tunaousikia. Butembo, palipo juu zaidi ya meta 1,700, asubuhi ya baridi utausikia mtaa mzima, nao si ugonjwa. Ugonjwa ni pale pigo moja linapojitenga na mengine, kama mwimbaji mmoja wa kwaya anayepiga kelele peke yake. Mara nyingi ni pua ya kurushia mazutu iliyoziba au kuvuja, nasi twajua sababu: mazutu ya bidoni, yenye maji na mchanga. Fundi hulegeza mabomba ya mazutu moja moja, moteri ikiwaka; bomba ambalo likilegezwa pigo hilo hunyamaza, pua yake ndiyo mgonjwa. Kazi hiyo mwachie fundi, maana mazutu yatokayo puani yana nguvu ya kutoboa ngozi ya mkono.

Sasa nieleze habari ya muungurumo wa Kikohozi, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Ilianza katika mvua za Oktoba 2023. Nilikuwa nimepeleka kakao Beni, na nilipokuwa nikirudi, gari jepesi, nikasikia kitu kama nyuki ndani ya mzinga. Vuuu. Nikipunguza mwendo, chapungua. Nikisimama, hakuna. Siku ya tatu mama mmoja mchuuzi wa samaki, ambaye hupanda nami mara kwa mara, akaniambia, "Papa, leo gari yako inalia kama ndege ya Mavivi. Tutaruka?" Watu wote nyuma wakacheka. Nikajua basi si masikio yangu tu.

Nilijaribu gia ya tatu na ya nne kama nilivyoeleza. Muungurumo ni ule ule. Basi si moteri. Nikaenda garaji moja ya Beni. Kijana akazunguka gari mara moja, akapiga tairi teke, akasema, "Ni tairi. Ununue nne." Hakupanda garini, hakusikiliza. Kusema haki, hakuwa amesema jambo lisilowezekana, kwa kuwa tairi zilizolika vibaya huunguruma hivyo hivyo, na zangu hazikuwa nzuri. Lakini tairi nne ni fedha ya karo ya watoto wangu kwa muhula, nami najua ya kuwa mlio wa tairi hubadilika njia ikibadilika. Kwenye lami huwa mwingine, kwenye udongo laini hupungua au hupotea. Wangu haukubadilika. Nikamwomba ahamishe tairi za mbele ziende nyuma na za nyuma zije mbele. Kama ni tairi, sauti nayo itahama. Alinitoza fedha kidogo, nikaondoka. Sauti haikuhama.

Fundi wa pili alisema ni ponti, yaani lile boga la chuma katikati ya ekseli ya nyuma ambamo meno hugeuza nguvu kwenda magurudumu mawili. Akaongeza mafuta mazito humo. Nalo lawezekana. Lakini meno ya ponti hulia namna moja ukikanyaga mafuta na namna nyingine ukiachia, kwa kuwa mzigo wa meno hugeuka upande. Muungurumo wangu haukujali mguu wangu. Ulijali kitu kingine, ambacho nilikigundua siku moja alfajiri nikitoka Beni, njia ikiwa haina watu. Nikikata kona ya kushoto, uliongezeka. Nikikata ya kulia, ulipungua kama mtu aliyewekewa mkono mdomoni.

Ndugu msomaji, ukiwa umekaa juu ya magunia na gari likate kona ya kushoto, wewe waangukia wapi? Kulia. Na uzito wa gari vile vile. Gurudumu la kulia hulemewa, la kushoto hupumzika. Kwa hiyo mlio unaoongezeka kwa kona ya kushoto, mara nyingi ugonjwa wake uko kulia. Si sheria ya Musa, lakini ni kiongozi mzuri. Nikaandika daftarini: kulia, mbele au nyuma sijui.

Kujua mbele au nyuma si jambo la dereva peke yake, maana sauti husafiri katika chuma kama maji katika mfereji, na hutokea pasipo pake. Nilimpandisha utingo nyuma, tukaenda polepole kwenye uwanja, akaweka sikio juu ya kila gurudumu kwa zamu. Akasema, "Nyuma, huku kwenye tangi." Kisha nikafanya jambo dogo ambalo kila mtu aweza kulifanya. Baada ya mwendo wa kilometa chache, bila kukanyaga breki sana, nikashuka na kugusa katikati ya kila gurudumu kwa mgongo wa mkono. La kushoto nyuma lilikuwa vuguvugu. La kulia sikuweza kuacha mkono. Breki inayoshika nayo hutia joto, kwa hiyo nililiinua kwa jeki na kulizungusha. Lilizunguka bila kizuizi. Breki haikushika.

Hayo yalikuwa siku ya Ijumaa, saa kumi ya jioni. Nilikuwa nimetuma neno kwa mzee mmoja fundi wa Butembo aje Jumamosi. Ndipo jirani yangu akaja mbio. Binti yake ameshikwa na uchungu, ni mimba ya kwanza, na mkunga amesema apelekwe Oicha.

Oicha si mbali nasi, ni kilometa kama 10. Hospitali yake yajulikana tangu siku za daktari Mmarekani Carl Becker, aliyeianza katika miaka ya 1930, na watu wetu huenda huko bila kufikiri mara mbili. Mara ngapi Kikohozi imewapeleka wazazi huko, hata nimesahau hesabu. Jirani alikuwa amekwisha kushika mlango wa gari. Nikamwambia, "Baba, gari hili leo halitoki."

Akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Lakini umetoka nalo sasa hivi! Nimekuona uwanjani!"

"Nimetoka nalo, ndiyo maana najua."

Sikupata nafasi ya kumweleza habari ya kona ya kushoto na mgongo wa mkono. Nani angesikiliza, binti yake akilia ndani? Nilifikiri jambo moja tu: kama gurudumu lile likishindwa, litashindwa likiwa limelemewa, katikati ya njia, na giza linaingia, na mzazi yumo. Nikampigia simu mtu wa upande wa pili wa soko mwenye Corolla. Hakuwapo. Nikampigia mwingine. Huyo alikuja, lakini zilipita dakika 25, nami nilizihesabu moja moja nikiwa nimesimama uani mwa jirani, ambako hakuna mtu aliyenipa kiti. Alidai fedha nyingi kwa sababu ya saa, nikalipa nusu. Binti alifika. Mtoto, wa kiume, alizaliwa kabla ya usiku wa manane. Jirani hakunisalimu Jumamosi, wala Jumapili baada ya Misa.

Jumamosi asubuhi mzee fundi akafika kwa pikipiki, mfuko wake wa vyombo mgongoni. Alijifunza kazi kwenye malori ya miaka ya 1970, naye huzungumza na magari kuliko na watu. Nikamsomea daftari langu. Akatikisa kichwa bila kusema neno, akatoa mfukoni kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono. Tuliweka mawe mbele ya magurudumu, tukainua nyuma, tukaweka gogo chini ya ekseli, maana jeki si ya kuaminiwa na mtu aliye chini. Utingo akazungusha gurudumu la kulia kwa mikono. Mzee akatia ncha moja ya mpira sikioni na nyingine karibu na ekseli. Akasikiliza kushoto, akasikiliza kulia, akarudi kushoto.

Niliwahi kusoma kwamba daktari Mfaransa aitwaye Laennec, mwaka 1816, katika hospitali ya Necker huko Paris, alikuwa na mgonjwa mwanamke mwenye ugonjwa wa moyo. Aliona haya kuweka sikio lake juu ya kifua cha mama huyo. Akakunja karatasi nyingi kama bomba, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni, akashangaa kusikia moyo vizuri kuliko alivyousikia siku zote. Ndio mwanzo wa kile chombo wanachovaa madaktari shingoni. Nikamwambia Mzee habari hiyo. Akasema, "Huyo Mzungu hakuona haya bure. Lakini mimi mpira huu nilipewa na mwalimu wangu, naye hakuwa Paris."

Kisha akaniambia, "Leta mkono, mwanangu." Akauweka juu ya springi ya bapa, karibu na ekseli, gurudumu likizunguka. Nikahisi mtetemo mdogo, wa kukwaruza, kama mama asagaye mtama kwenye jiwe. Akauhamishia kushoto. Laini kabisa, kama maji. Akanionyesha na kitu kingine ambacho sikukiona bado kwa sababu ya matope: ndani ya tairi ya kulia palikuwa na alama ya mafuta yaliyotiririka. Mafuta ya ponti yalikuwa yameanza kupita mahali yasipopaswa, yakilowesha breki.

Ilikuwa beringi, ile pete ya chuma yenye gololi ambayo mafundi wetu huiita kwa Kifaransa roulement. Katika gari kama langu, beringi ya nyuma hukaa juu ya mti wa ekseli wenyewe, nayo hushikwa na pete iliyosukumwa kwa nguvu isitoke. Mti huo wabeba uzito wa gari, tena ndio uzungushao gurudumu. Tukatoa tairi na ngoma ya breki, tukafungua nati nne za nyuma, na kuvuta. Kwa kawaida mti huo huvutwa kwa jasho. Wetu ulitoka kwa urahisi, na uso wa Mzee ukabadilika. Ile pete ya kushika ilikuwa imelegea kwa joto na mtikisiko na kuanza kusogea.

Alikaa juu ya jiwe, akaisafisha beringi kwa mazutu, akanipa. Njia ya gololi ilikuwa imebanduka vipande vidogo kama magamba ya samaki, na gololi mbili zilikuwa na vidonda. Hivyo ndivyo chuma kinavyokufa: kinakanyagwa mara mamilioni mahali pale pale, ufa mdogo waanza chini ya ngozi, kisha ngozi yabanduka, na kila kipande kilichobanduka chasaga kingine. Maji na matope yakiingia huharakisha. Ule muungurumo ni gololi zikipita juu ya mashimo hayo, mara nyingi mno kwa dakika.

"Ungeendelea siku ngapi?" nikauliza.

"Siku sijui. Ukitia magunia, na ukate kona ya kushoto kwa haraka, mti huu ungetoka na gurudumu lake kama upanga unavyotoka alani."

Wakati huo jirani yangu alikuwa amesimama nje ya ua. Sikumwona amekuja lini. Mzee, asiyejua habari yoyote ya Ijumaa, alimwita aje kushika taa. Akaingia. Mzee akampa beringi aishike wakati anatafuta patasi, na jirani akaizungusha polepole kwa kidole. Ilikwaruza. Akaizungusha tena. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, "Hii inauzwa bei gani?" Nikamjibu. Akasema ni ghali. Akashika taa hata kazi ya siku hiyo ikaisha, na jioni mkewe akatuletea ugali na sombe.

Kazi yenyewe haikuisha siku hiyo, maana beringi mpya husukumwa kwa mashine, nasi Mbau hatunayo. Mzee aliuchukua mti wa ekseli mpaka Butembo kwa pikipiki. Beringi, pete, mpira wa kuzuia mafuta, viatu vipya vya breki vya upande ule, na mkono wa fundi, vyote pamoja havikufika nusu ya bei ya tairi nne. Jumatano Kikohozi ikarudi barabarani.

Baada ya hapo watu wameniletea milio mingine, kama kwamba mimi ni fundi. Nawaambia nijuayo. Mkanda wa mbele ukipiga kelele asubuhi ya mvua, kisha ukanyamaza, umelegea au umezeeka. Ubadilishe, lakini usiulilie. Gari likipiga klak mara moja ukianza kwenda, na klak tena ukirudi nyuma, tazama misalaba ya kardani. Ishike kardani kwa mkono, gari limezimwa na magurudumu yamezuiwa kwa mawe, uigeuze huku na huku, nawe utaona inacheza. Springi hulia kii-kii kwa sababu ya vumbi, na kelele hiyo haijamwua mtu. Mlio wa tik-tik unaofuata magurudumu waweza kuwa jiwe lililonaswa kwenye tairi, kwa hiyo tazama kwanza kabla ya kumlipa mtu. Bali ukikanyaga breki na kusikia chuma juu ya chuma, hapo usiseme kesho. Nguo za breki zimekwisha, na chuma chala chuma.

Mzee mwenyewe hupita kwetu kila miezi michache akienda Oicha kwenye malori ya watu. Husimama, hunywa chai, hutia mpira sikioni na kuizunguka Kikohozi, bila malipo. Mara ya mwisho alikaa muda mrefu kwenye gurudumu la kushoto la nyuma. Beringi ya huko ni ile ya zamani, ina umri mmoja na ile iliyokufa. Nami nimeanza kusikia kitu kidogo nikikata kona ya kulia, pale kabla ya Ngadi, tena gari likiwa limejaa tu. Nimeandika daftarini tarehe na mzigo. Kakao ya wiki hii nimeipakia kwenye lori la mwingine. Beringi imekwisha kununuliwa, imo kabatini pamoja na pete yake, na Jumanne Mzee atakuja na mpira wake.